Bathdei Yangu, Kumbe Keki Nilete Mimi

Tangu Kenya na Ujerumani zitie saini ule mkataba wa kazi Septemba 2024, inboksi yangu imejaa maswali yenu. Visa inachukua muda gani? Kijerumani cha B1 ni kigumu? Kodi ya nyumba je? Sawa, nitajibu. Lakini hakuna hata mmoja wenu ameniuliza kuhusu keki, na keki ndiyo ilinitoa machozi.

Wacha niwaeleze. Mwaka wangu wa kwanza hapa Leipzig, nikisomea uuguzi, bathdei yangu iliangukia siku ya kazi. Kwetu mnajua vile huenda. Wewe unajifanya umesahau, marafiki wanajifanya wamesahau, halafu ghafla unamwagiwa ndoo ya maji kutoka nyuma na keki inatokea kusikojulikana. Hata nilikuwa nimebeba nguo za kubadilisha, juu huwezi jua. Chekeni tu. Asubuhi, kimya. Saa nne wakati wa chai, kimya. Kufikia mchana nilikuwa nimejifungia chooni nalia, nikijiambia hawa watu hawanipendi, afadhali nirudi nyumbani nikauze mitumba na mathe.

Jioni tukibadilisha sare, mwenzangu mmoja akaniuliza polepole kama niko na shida. Kumbe siku nzima walikuwa wananingoja mimi! Huku mwenye bathdei ndiye huleta keki. Tarehe walikuwa wanaijua, iko kwenye kalenda ya ukutani. Walipoona sijaleta kitu, wakadhani sitaki itajwe, wakanyamaza kwa heshima. Yaani heshima yao mimi niliipokea kama chuki.

Baadaye nikajaribu kurekebisha, nikampongeza mwenzangu siku mbili kabla ya bathdei yake. Uso ukambadilika hapo hapo. Kumbe kupongeza mapema huku ni mkosi. Sasa hiyo ningefunzwa na nani? B1 haina.

Mambo mengine nilizoea haraka. Jumapili maduka yamefungwa na hupigi kelele. Jirani alinibandikia karatasi mlangoni mara moja tu, nikaelewa. Kwenda kwa mtu, unaandika meseji kwanza, mnapanga siku, pengine ya wiki mbili zijazo. Mwanzoni niliona ni roho ngumu. Siku hizi sisemi hivyo. Ukishapewa hiyo siku, ni yako kweli: chakula kimepikwa, simu imewekwa kando, na hakuna mtu anaangalia saa. Nimepata marafiki wa maana hivyo, na sitawadanganya, nimeanza kuipenda.

Shida ni kwamba haibaki huku. Desemba nilirudi Kayole likizo. Jumamosi asubuhi binamu yangu akaingia bila hodi, akaenda moja kwa moja jikoni, akajimiminia chai kama kawaida. Nikamwambia, tena nikicheka, "Si ungepiga simu kwanza?"

Mathe alikuwa akichambua mboga. Mikono ikasimama.

"Apige simu," akasema, "ndio aje kwao?"

Binamu akasema ako na haraka. Chai hakumaliza. Kile kikombe kilikaa mezani mpaka jioni, na hakuna aliyetaka kukiondoa.

Sasa nimerudi Leipzig wiki ya tatu. Nimejaribu kumwandikia kuomba msamaha, nikafuta, nikaandika tena. Kila nikisoma, inasikika kama ninapanga miadi.