Kadi Hii Inakula Wati Ngapi?

Mwaka 2010 hivi, ukiingia duka la kompyuta Kariakoo ukasema unatafuta mashine ya kuchezea gemu, swali lilikuwa moja: unataka kadi ya GB ngapi? Hakuna aliyetaka kujua unacheza gemu gani, wala skrini yako ina ukubwa gani, wala pawa saplai iliyomo ndani ina nguvu kiasi gani. Kadi ya GB moja ilikuwa nzuri, ya GB mbili ilikuwa nzuri zaidi, mazungumzo yakaishia hapo. "Dogo, hii ni GB moja nzima, unataka nini tena?" fundi aliniambia siku moja huku ameshaifungua boksi. Nilikuwa mwanafunzi, nikanyamaza.

Kusema kweli, enzi hizo hatukuchagua vifaa. Tulichagua fundi, naye akachagua kilichokuwepo dukani. Mashine zenyewe zilikuwa mtumba wa maofisi ya Ulaya: Dell OptiPlex, HP Compaq, ndani yake Pentium 4 au, ukiwa na bahati, Core 2 Duo, prosesa iliyotoka 2006. Nyingine zilikuja na stika za mali ya kampuni bado zimebandikwa ubavuni. Fundi aliongeza RAM, akapachika kadi, akakuwekea gemu kutoka kwenye DVD za kuchoma, ukapakia kwenye bajaji ukaenda zako. Na kwa kuwa gemu zenyewe zilikuwa PES 6 na GTA San Andreas, ambazo hazina makuu, kadi mbovu na kadi nzuri zilifanana. Karibu chochote kiliweza kuzicheza.

Intaneti ndiyo iliyoanza kututoa tongotongo. Mkongo wa SEACOM ulifika Dar es Salaam Julai 2009, na ingawa bando liliendelea kutuuma kwa muda, polepole ikawezekana kijana wa Temeke kumtazama mtu wa Marekani akipima kadi mbili kwa gemu ileile. Nilianza kwenda dukani na daftari lenye majina na namba. Wauzaji hawakulipenda.

Chukua mfano wa kadi mbili zilizotoka mwaka 2014, zote za NVIDIA. GT 730 ya GB 4, ile yenye kumbukumbu ya DDR3, hupitisha data GB 28.8 kwa sekunde. GTX 750 Ti ya GB 2, yenye GDDR5, hupitisha GB 86.4. Ya kwanza ina nafasi mara mbili, ya pili ina kasi mara tatu, tena chipu yake ni ya kizazi kipya zaidi. Simtanki la lita elfu moja lenye bomba la nusu inchi halijazi ndoo haraka. Lakini kwenye boksi herufi kubwa zilikuwa za 4GB, na kwa herufi hizo ndivyo Kariakoo ilivyouza.

Halafu Aprili 2015 ikaja GTA V ya kompyuta, DVD saba kwenye boksi moja, ikitaka GB 65 kwenye hadi diski. Hapo ndipo kadi za GB nyingi zilipoumbuka. Rafiki yangu mmoja alikuwa na GT 730 yake ya GB 4, anaisifia mtaa mzima; akaweka GTA V, gari likawa linaruka kutoka kona moja hadi nyingine bila kupita katikati. Alishusha kila kitu chini, vivuli akazima, miti ikabaki kama fito, na bado.

Nikiulizwa ni kifaa kipi kimoja kilichobadili namna yetu ya kuchagua, sitataja prosesa yoyote. Nitataja hiyo GTX 750 Ti. Ilitoka Februari 2014 kwa bei ya dola 149, wala haikuwa kadi kubwa hata siku ilipotoka. Uzuri wake ulikuwa mdomoni: inakula wati 60 tu. Tundu la madabodi ambamo kadi huchomekwa hutoa hadi wati 75, kwa hiyo matoleo mengi ya kadi hiyo hayakuhitaji waya wa ziada kutoka kwenye pawa saplai. Sasa kumbuka zile OptiPlex za mtumba. OptiPlex 7010 ya kusimama ina pawa saplai ya wati 275 na haina kabisa waya wa kulisha kadi. Kadi nyingine za gemu za wakati huo zilitaka ubadilishe pawa saplai kwanza. Hii ulichomeka, ukafunga kasha, ukacheza. Maofisi ya Ulaya yalikuwa yametuachia nusu ya mashine ya gemu bila kujua.

Ya kwangu ililetwa na shemeji, aliyekuwa akifuata nguo Dubai. Nilimwelekeza Al Ain Centre, kule Bur Dubai, jengo lenye maduka ya kompyuta tele. Akanipigia akiwa kaunta: "Shemeji, huyu bwana ananiambia ziko ndefu na ziko fupi, nichukue ipi?" Nikamwambia fupi, yenye feni moja, isiyo na tundu la waya ubavuni. Ilifika Dar imeviringishwa ndani ya madera, iko salama kuliko kitu kingine chochote ndani ya lile begi.

Tangu hapo swali langu la kwanza dukani likawa wati. Na hapa niseme jambo linaloniudhi. Orodha nyingi za kujenga kompyuta zinazotoka Ulaya na Marekani huanza na prosesa, zikaja kwenye kadi, na pawa saplai ikawekwa mwishoni, inunuliwe kwa chenji iliyobaki. Huenda kwao inafaa. Sisi tuliopita kwenye mgao wa 2011 tunajua kwamba kinachoua vifaa mara nyingi si umeme kukatika. Ni umeme kurudi. Ukirudi kwa kishindo, unakutana kwanza na pawa saplai, na pawa saplai ya hovyo haifi peke yake.

Kuikagua hakuhitaji elimu kubwa. Ubavuni imeandikwa 500W kwa rangi nyekundu. Igeuze, tafuta kwenye stika mstari wa +12V, maana huo ndio unaolisha kadi na prosesa. Nimeshika nyingi ambazo mstari huo unasoma ampea 14. Zidisha: 12 mara 14 ni wati 168. Hizo nyingine ni za kupamba boksi. Halafu ipime kwa mkono. Iliyo nyepesi kama boksi tupu irudishe kaunta. Mimi nimeshawaambia vijana wengi wapunguze ngazi moja ya kadi ili wanunue pawa saplai ya maana, na wengi wamenuna.

Upande wa prosesa mabadiliko yalikuja 2017. Machi mwaka huo AMD ilitoa Ryzen, kwenye soketi ya AM4. Oktoba Intel nayo ikatoa prosesa za kizazi cha nane, kwenye soketi ya 1151, jina lilelile na idadi ileile ya pini kama ya kizazi kilichotangulia, ila madabodi za zamani zikazikataa. Mtu wa Berlin hukasirika, akaagiza madabodi nyingine, ikamfikia kesho. Kwetu madabodi ni kifaa cha kutafutwa, na ukiipata nzuri unataka uzeeke nayo. AM4 ilituheshimu kwenye hilo: mwaka 2022 AMD iliruhusu hata madabodi za 2017 zipokee Ryzen 5000, mradi umepata toleo jipya la BIOS. Sijali kasi ya asilimia tano kama ninavyojali hilo.

Kisha wachimba sarafu za kidijitali wakaziingilia kadi za picha. Walishazipandisha bei 2017, wakarudi kwa nguvu zaidi 2020. RTX 3080 ilitangazwa Septemba 2020 kwa dola 699, na kwa muda mrefu aliyeipata kwa bei hiyo alikuwa mtu wa kupigwa picha. Miaka miwili hivi tulikaa hivyohivyo na tulichonacho. Tarehe 15 Septemba 2022 sarafu ya Ethereum ikaacha uchimbaji wa kutumia kadi, na mzigo wa RX 570 na RX 580 ukamwagika sokoni, ukafika hadi kwetu.

Hapo swali likabadilika tena: imetoka wapi? Kadi iliyochimba si lazima iwe mbovu, lakini feni zake zimezunguka usiku na mchana, na pasta ya joto imekauka kama ugali wa jana. Nyingine jina lake lina utata: ipo RX 580 yenye tarakimu 2048SP pembeni, iliyotengenezwa kwa soko la China, ambayo kwa chipu ni RX 570. Nyingine ni uongo mtupu. Kuna GTX 1050 Ti nilizowahi kufunguliwa kaunta ambazo ndani ni GTS 450, kadi ya 2010 iliyobadilishwa BIOS ijitambulishe kwa jina la mwenzake. Programu ndogo ya GPU-Z imekuwa ikizitambua nyingi kati ya hizo tangu 2018. Natembea nayo kwenye flashi. Muuzaji akikataa usiichomeke, umeshapata jibu, na wala hamna haja ya kugombana.

Mwaka huu mpwa wangu ndiye anayejenga. Alikuja na mpango wa AM5, soketi iliyotoka Septemba 2022, ambayo haipokei RAM nyingine ila DDR5. Mpango ulikuwa mzuri mpaka mwishoni mwa 2025, bei za RAM zilipopaa kwa sababu viwanda vinawahi kuwalisha wenye vituo vya akili unde; Desemba kampuni ya Micron ikatangaza kwamba inaachana na Crucial, jina lake la kuuzia watu wa kawaida kama sisi. Mashine yake ya zamani, ya mtumba kama zilivyokuwa zetu, ina GB 16 za DDR4. Tukaamua ziende kwenye madabodi ya AM4 pamoja na Ryzen 5 5600, prosesa ya wati 65. Pawa saplai tulinunua kwanza, na stika aliisoma mwenyewe, akazidisha kwa simu.

Kasha ndilo linalotugombanisha. Anataka la kioo mbele, lenye taa za rangi. Chumba chake cha Sinza hakina kiyoyozi, na Februari kioo hicho kitaibana hewa yote. Mimi nataka lenye wavu. "Mjomba, wavu hauonekani kwenye video," ananiambia. Pesa ya kasha bado ninayo mimi.