Jambia Halitoshi

Kuna neno moja la Kiingereza, bodkin, ambalo kila nikisoma Hamlet linanikwamisha. Shakespeare aliliweka, mwaka 1600 hivi, katika yale maneno maarufu ambayo mwana wa mfalme anajiuliza aendelee kuishi au la. Maana yake ni kisu chembamba cha kuchomea. Sawa. Ila kwa Waingereza wa enzi hizo neno hilohilo lilikuwa pia kifaa cha kutobolea nguo na ngozi, hata pini ya nywele.

Sasa tulitie Kiswahili. Wengi wetu tunakimbilia jambia, au hanjari. Mimi sikubali. Jambia limepinda, lina ala ya kifahari, watu wa Oman hulivaa kiunoni siku za sherehe. Sime je? Ina makali kuwili, inaonekana toka mbali. Hizo zote zina makelele. Hamlet anachosema ni kwamba mtu angeweza kuyamaliza mateso yake kwa kitu kidogo tu, kitu cha ndani ya nyumba, na bado anaogopa. Ukimpa jambia, ule udogo umepotea na hoja imekwenda nao.

Huku Matambarale, msimu wa korosho, kitu cha namna hiyo kipo: shazia, ile sindano ndefu ya kushonea midomo ya magunia. Shangazi akimaliza kushona huichomeka juu kwenye paa watoto wasiifikie. Hakuna anayeiita silaha, lakini hakuna asiyejua inaweza kufanya nini.

Na si Hamlet peke yake. Chaucer, miaka kama 200 kabla, anasimulia kuuawa kwa Kaizari kwa bodkin hizohizo. Kaizari huyohuyo ambaye Mwalimu Nyerere alitutafsiria mwaka 1963. Suetonius naye anasema Kaizari alipovamiwa alimchoma Casca mkono kwa kalamu yake ya kuandikia. Kalamu ya namna hiyo Warumi waliiita pia stilus, na humo ndimo Waitaliano walimolipata jina la kisu chao chembamba, stiletto.

Wataniambia msomaji wa Dar haijui shazia. Basi ajifunze, mbona hanjari alijifunza?

Nilimsomea shangazi sehemu ile, shazia ikiwa ndani. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza: "Mwanangu, huyo kijana hana mtu wa kukaa naye?"