Kabla ya Kumwita Padre, Tafuteni Gari



Juma hili tumeona vema tuungame jambo mbele yenu. Miaka kadhaa iliyopita tuliitwa usiku kwenye mwalo wa dagaa, upande wa Igombe. Kijana mvuvi alikuwa akihangaika mchangani, macho yamemtoka, jasho likimtiririka, akipiga kelele kwamba kuna watu wanamfuata. Wenzake wanne walikuwa wamemkandamiza chini. Waliamini ni pepo. Nasi, stola ikiwa shingoni, tuliamini vivyo hivyo, tukaanza sala. Tulipomwekea mkono kichwani tulishtuka: alikuwa anawaka moto. Ndipo mmoja wao akatunong'oneza kwamba mwenzao alikuwa hajalala kwa siku mbili, akitafuna mirungi na kumeza vidonge asivyovijua jina. Mbona hawakusema mapema? Waliogopa polisi.

Kijana alipona, lakini daktari hakutuficha: "Padre, safari nyingine anzeni na gari."

Mvuvi wa dagaa hukesha majini na taa yake, na baadhi hutafuta kitu cha kufukuza usingizi. Mirungi, ambayo ni marufuku nchini mwetu, kokeini na vidonge vya jamii ya amfetamini vyote huuchochea mwili. Vikizidi, moyo hwenda mbio, kifua huuma, mwili huwaka, akili huchanganyikiwa, hata mtu akatukutika kama mwenye kifafa. Mkiona hayo, msingoje "apoe mwenyewe".

Tumeni mtu akatafute gari, wala si bodaboda, mkampeleke kituo cha afya kilicho karibu, au Sekou Toure, au Bugando. Wakati mnangoja, mwekeni penye hewa na utulivu, mvueni nguo nzito, mpanguseni kwa maji, mpepeeni. Semeni naye kwa upole. Kumkandamiza au kumfunga kamba humzidishia joto, na kwaweza kumwua. Akitukutika, ondoeni vitu vigumu karibu naye, wala msimtie kijiko kinywani. Akizimia huku anapumua, mlazeni ubavu. Akiacha kupumua, bonyezeni katikati ya kifua kwa nguvu na kwa haraka, bila kukoma, mpaka msaada ufike. Maziwa msimnyweshe, yaweza kumpalia.

Ile dawa inayowazindua waliozidiwa na heroini haitangui dawa hizi. Hospitalini atapewa dawa ya kumtuliza na kupozwa mwili. Kwa hiyo mwambieni daktari ukweli wote: alitumia nini, kiasi gani, tangu saa ngapi. Ukweli huo usipotamkwa kwa kuogopa polisi au aibu, daktari hutibu gizani.

Yule Msamaria hakumhoji majeruhi; alimpandisha juu ya mnyama wake, wakaenda. Hatusemi sala iachwe. Twasema anayesali na apepee pia. Jumuiya zetu ndogo ndogo, hasa za mialoni, ziyazungumze haya Juma hili, na kila moja ijue mapema ni gari la nani litakaloitwa usiku.

Padre wenu.