Rula ya Ziwa Jingine

Nianze na mayai, maana ndiyo yaliyonifunga. Kwa miezi mitano nilikula karibu kila mchana kwenye kibanda cha mama mmoja pale Kasenyi, ufuoni mwa Ziwa Albert, na mara nyingi alichonipakulia pembeni ya bugali kilikuwa mayai ya samaki yaliyokaangwa kwa kitunguu. Yalitoka matumboni mwa samaki wale wale niliokuwa nimewaandika asubuhi daftarini kama watoto. Mtoto hana mayai. Kulijua hilo hakuhitaji shahada, na mimi shahada nilikuwa nayo.

Kazi yangu ilikuwa kupima. Alfajiri ya Jumatatu nilipanda pikipiki kutoka Bunia, nikapita Bogoro, nikateremka ule ukingo ambao ukifika chini unavua koti: Bunia iko juu ya mita 1,200, ziwa liko kwenye mita 620 hivi, na joto la huko halina salamu. Mitumbwi ikirudi, nilichukua samaki kutoka kila mmoja, nikaandika aina, urefu, uzito, na wavu uliomleta. Mradi ulionilipa ulitaka kujua kama samaki wa upande wa Kongo wanaongezeka au wanakwisha.

Watu wa nchi za baridi wana bahati katika jambo hili. Samoni wa Ziwa Iliamna, kule Alaska, hurudi kutoka baharini kupitia mto Kvichak, na watafiti husimama juu ya minara kando ya mto wakiwahesabu wanavyopita. Samaki wetu hawapiti mlangoni. Ziwa lina urefu wa kilomita 160, nusu yake na zaidi iko Uganda, na tunachokijua juu yake ni kile tu nyavu zinachokitoa majini. Kwa hiyo kalamu ya yule kijana aliyekaa ufuoni na ubao wake wa kupimia ndiyo mnara wenyewe. Akikosea yeye, hakuna mwingine aliyeona.

Nilikosea kwa kapitene. Samaki huyu Watanzania wanamwita sangara, Wakenya mbuta, Waganda mputa, na anaweza kufika mita mbili na kilo 200. Nilihitaji kipimo cha kuamua yupi mchanga na yupi mzima. Cha ziwa letu sikuwa nacho, nikaazima cha Ziwa Victoria, ambako sheria ilikataza kumtoa sangara aliye chini ya sentimita 50. Nilichora mstari mwekundu kwenye ubao wangu, pale kwenye 50, na kila aliyeishia kabla ya mstari nikamwandika mtoto. Sangara wa Victoria si wenyeji kule. Walipelekwa katika miaka ya 1950, na waliowapeleka waliwachota kutoka Ziwa Albert. Yaani nilichukua rula ya wajukuu nikaja kuwapimia mababu nyumbani kwao, na sikuona kichekesho chake.

Daftari likajaa watoto. Mitumbwi iliyokwenda mbali, kwenye kilindi, ndiyo iliyowaleta kwa wingi: basini baada ya basini ya samaki wasiofika kiwiko changu. Nilikasirika, nakiri. Nilijiona mlinzi wa ziwa, nikaanza kuwatazama wavuvi wale kama wezi.

Mzee mmoja, mwenye mtumbwi wa kilindini, alinitazama siku tatu nikipima, siku ya nne akanikalia karibu. Akamshika samaki mmoja kichwani, akamgeuza. "Papa, huyu haiko mutoto," aliniambia. "Iko mutu muzima. Angalia macho." Niliangalia. Macho yalikuwa makubwa, kama ya mtu aliyeamshwa ghafla. Nikamjibu kwa adabu ile ya kumfukuza mtu: "Aksanti, Papa, nimeelewa." Nikaandika: mchanga.

Hapa ndipo sina pa kujificha. Laiti ningekuwa sijui. Mwingereza Worthington alilipima Ziwa Albert mwaka 1928, na mwaka uliofuata akaandika kwamba makapitene wa humu ni wa aina mbili: yule mkubwa anayependa maji ya karibu na ufuo, na mwingine mdogo anayeishi mbali, kwenye maji ya kina. Huyo wa pili alimwita Lates macrophthalmus, na neno hilo la Kigiriki maana yake si nyingine ila mwenye macho makubwa. Haishi katika ziwa jingine kwa asili yake. Orodha yenye jina hilo ilikuwa mkobani mwangu, imekunjwa mara nne. Wiki ya kwanza nilijaribu kuwatenganisha hao wawili. Kazi ikachelewa, jua likapanda, wanunuzi wakaanza kupiga kelele kwamba naozesha samaki wao. Fomu ilikuwa na kisanduku kimoja tu cha kapitene. Nikajiambia kisanduku kimoja, samaki mmoja.

Kumpasua mmoja tumboni kungenichukua dakika moja. Akina mama waliokaa hatua tatu kutoka kwangu walipasua makumi kila asubuhi, na mayai wakayaweka kwenye sahani yake. Sikuwahi kuwauliza kitu, isipokuwa bei ya chakula.

Ripoti ilisema kwamba nyavu za kilindini zinavua zaidi watoto wa kapitene na kwamba zidhibitiwe haraka. Sentensi hiyo niliiandika mimi, na niliipenda. Miezi michache baadaye watu wa ofisi moja walishuka na karatasi mkononi, wakakusanya nyavu za mitumbwi inayokwenda mbali, wakazichoma moto mchangani. Sisemi nyavu zote zilizoungua zilikuwa safi. Nyingine matundu yake yalikuwa madogo kweli, na makapitene wachanga kweli walikuwemo. Ila sasa hakuna awezaye kusema ni wangapi, kwa sababu niliwachanganya na watu wazima katika safu moja, na sikuhifadhi samaki hata mmoja wala picha.

Nilijua jikoni kwangu, Bunia, karibu mwaka mzima baadaye. Mke wangu alinunua sokoni kapitene wadogo wawili, akampasua wa kwanza, akafurahi: "Baba, leo kuna mayai." Nilisimama na kikombe cha chai mkononi. Nikamchukua wa pili ambaye hajapasuliwa, nikamweka mezani, nikamtazama macho. Jioni ile sikula, na mke wangu hadi leo anafikiri nilikuwa na malaria.

Nilisoma baadaye kwamba hata samoni wana mtego wa namna hii. Yuko samoni mwekundu aendaye baharini na kurudi akiwa mkubwa, na wako ndugu zake wa aina ile ile, wanaitwa kokanee, wasioondoka ziwani maisha yao yote. Hukomaa, huzaa na kufa wakiwa wadogo. Nikajifariji kwamba rula imewadanganya na wengine. Faraja hiyo haikudumu, maana hao wengine, nadhani, hawakuwa na mzee wa kuwageuzia samaki kichwa.

Nilishuka Kasenyi kumtafuta. Nilimkuta akishona wavu wa tilapia wa mtu mwingine. Nikamweleza yote, hata mayai. Alinisikiliza bila kuinua uso, kisha akauliza swali moja: "Na nyavu?" Nilikuwa na pesa kidogo kwenye bahasha, nikampa. Alihesabu mbele yangu, akasema hazifiki hata nusu ya wavu wa kilindini, akazitia mfukoni. Alikuwa sahihi, hazikufika.

Kwa waliolipa mradi niliandika barua ya kusahihisha. Sijapata jibu, na mradi wenyewe umekwisha. Ripoti bado inatembea; nimeikuta ikinukuliwa na mwanafunzi aliyeniomba nisome kazi yake, naye hakujua ni yangu. Nilimwambia ukweli, nami nawaambia wengine hapa. Wewe unayelifanyia kazi Ziwa Albert, ukikutana na jedwali la makapitene wa Kasenyi lenye safu ya "wachanga" iliyojaa na safu ya "wazima" karibu tupu, usilitumie. Shuka ziwani na kisu, uanze upya, na ukifika ufuoni waulize kwanza akina mama wanaopasua.