Mdomo Mmoja, Bata Wawili: Nakuru na Cape Town

Likizo ya Desemba tulikwenda Cape Town kumwona dada yangu, ambaye hajafika nyumbani Nakuru kwa miaka sita. Mama alinituma swali moja tu: anarudi lini?

Jumamosi dada alitupeleka Strandfontein, karibu na False Bay. Ni mabwawa ya kusafishia majitaka ya jiji. Harufu ipo, lakini ndege ni tele, na unapita juu ya matuta kwa gari. Binti yangu wa miaka tisa alishika darubini, akapaza sauti: "Baba, bata wa Nakuru!" Mdomo ulikuwa ule ule, mpana mbele kama mwiko wa ugali. Nikamwambia ndio hao.

Nilikosea. Bata wa Nakuru ni mgeni. Huzaliana Ulaya na Asia, kisha huja kwetu kukimbia baridi, kuanzia Oktoba hivi. Dume akishapata rangi zake kamili ana kichwa cha kijani, kifua cheupe na ubavu wa rangi ya kutu. Huyu wa Cape ni mwenyeji wa kusini mwa Afrika. Hutaga na kulea huko huko. Dume na jike wote wana madoadoa ya kahawia, ila dume ana kichwa cha kijivu na macho ya manjano. Binti ndiye aliyeyaona macho hayo, akanisahihisha.

Majike ndio huchanganya, maana hata wa Nakuru ni wa kahawia. Tena wote wawili wakiruka huonyesha bluu kwenye bawa, na wote hula kwa namna moja: huburuta mdomo majini, na vichanuo vya pembeni huchuja mbegu na vidudu.

"Kwa hiyo hawa hawaendi popote?" binti akauliza.

"Huhamahama kufuata maji, lakini kwao ni huku," shangazi yake akajibu. Akanyamaza kidogo, kisha akanigeukia. "Mwambie Mama nitakuja Aprili. Nitakuja kuwaona. Sikusema nitarudi."

Nilimfikishia Mama maneno hayo kama yalivyo. Bado hajayakubali, lakini ameshaanza kutandika chumba.

Ukitaka kuwaonyesha watoto bata hao Nakuru au Naivasha, nenda kati ya Desemba na Februari, madume wakiwa na rangi zao. Ikifika Aprili, wengi huwa wameshaondoka.