Siku Moja Kisangani, kwa Wavuvi wa Wagenia

Mtu atokaye Kinshasa kwa njia ya maji husafiri kilomita zipatazo 1,700 katika mto Kongo, akipanda na kushindana na mkondo. Siku nyingi haoni ila maji, msitu, na mitumbwi ya wenyeji inayokuja ubavuni mwa chombo kuuza samaki na mihogo. Kisha, siku moja, safari hukoma. Si kwamba mto umekwisha, la. Watoka mbali kusini, katika nchi ya Katanga. Lakini mbele pana maporomoko, wala hakuna chombo kipitacho. Hapo ndipo ulipojengwa mji wa Kisangani. Tulishuka huko asubuhi mapema, nasi tulikuwa na siku moja tu kabla ya kuendelea na safari yetu.

Wenyeji husema kwamba jina Kisangani maana yake ni "kisiwani". Mgeni autazamapo mji ulioenea ukingoni hushangaa, akauliza kisiwa ki wapi. Jibu limo majini. Karibu na maporomoko vimo visiwa, na katika kimojawapo Stanley alianzisha kituo chake mwezi wa Desemba 1883. Kwa ajili hiyo mji uliitwa Stanleyville, hata ulipopewa jina la Kisangani mwaka 1966.

Tulipanda toleka, yaani baiskeli zinazochukua abiria, tukashika njia ya kwenda kwa wavuvi. Toleka ni neno la Kilingala, maana yake "tupite". Kijana aliyetuchukua alizungumza nasi kwa Kiswahili, akamwita mwenzake kwa Kilingala, kisha akarudi kwenye Kiswahili bila kusita. Kilingala kilipanda na mto kutoka magharibi. Kiswahili kililetwa kutoka mashariki na misafara ya wafanyabiashara wa pwani, ambao kati yao alikuwa Tippu Tip wa Unguja, aliyefanywa liwali wa mahali hapa mwaka 1887. Lugha hiyo tunayoipenda tusiitenge na habari zake: misafara iliyoileta ilichukua pembe za ndovu, tena ilichukua watu.

Maporomoko yenyewe ni saba. Yametawanyika katika mwendo wa kilomita zipatazo 100, kutoka Ubundu hata Kisangani, na mto huteremka humo kiasi cha mita 60. Ili kuyazunguka, ilijengwa reli ya kilomita 125, iliyofunguliwa mwaka 1906. Poromoko la mwisho ndilo la Wagenia. Tulisikia kishindo chake kabla ya kuliona.

Tulipofika ukingoni tulisimama kimya. Juu ya miamba, katikati ya maji yanayochemka povu, zimesimamishwa nguzo kubwa za miti mizima, zimeegemezana na kufungwa kwa kamba za mwituni. Kwenye nguzo hizo imetundikwa migono, vikapu virefu vyenye kinywa kipana na mkia mwembamba, kila kimoja kikubwa kupita mtu. Kinywa huelekezwa yanakotoka maji. Samaki akichukuliwa na mkondo huingia, na nguvu ya maji humzuia asitoke. Vijana walikuwa wakipanda nguzo hizo kama ngazi, miguu mitupu, wakivuta migono na kuitazama.

Hapo mmoja wetu, kwa furaha yake, alitoa kamera akaanza kuwapiga picha. Mzee mmoja alisimama mbele yake, akasema kwa upole, "Mwanangu, kwenu watu huingia nyumba ya mtu bila kupiga hodi?"

Tuliona haya. Tuliomba radhi, tukapelekwa kwa wakubwa wa kijiji, tukasalimu, tukatoa ada ya wageni kama ilivyo desturi. Kisha mzee yule yule alitukalisha kivulini akatuambia, "Ninyi hapa mnaona maji. Sisi tunaona mashamba." Akatuonyesha kwa kidole: nguzo zile ni za ukoo huu, zile za ukoo ule. Mahali pa kutega baba humwachia mwanawe, na mwingine hapagusi.

Tulimwuliza kama kazi hiyo ina hatari. Alicheka kidogo, akasema mtoto wa kwao hujifunza kuogelea kabla ya kujua kuogopa. Hata hivyo mto umewachukua wengine. Lakini hofu yake kubwa haikuwa mto. Alisema samaki wamepungua, na miti mirefu ifaayo kwa nguzo hutafutwa mbali kuliko zamani. Tena vijana wengine wamekwenda kutafuta fedha kwingine. "Nguzo moja haisimamishwi na mtu mmoja," alisema. "Maji yakiivunja, ni lazima tushuke wengi, tushikane. Siku tutakapokuwa wachache, haitasimama tena."

Tulimwuliza pia habari za vita, kwa kuwa mwezi wa Juni 2000 majeshi ya Rwanda na ya Uganda yalipigana siku sita ndani ya mji huu, na raia wengi waliuawa. Hakutaka kusema mengi. "Mizinga iliponyamaza tulirudi kwenye migono," alijibu. "Watoto walitaka kula."

Mchana wanawake walikuja na beseni zao kununua samaki. Tulinunua mmoja, nasi tulipikiwa hapo hapo, tukala na lituma, ndizi na mihogo iliyotwangwa pamoja. Mwenzetu mwenye kamera aliomba ruhusa, naye mzee akamkubalia, ila alimtaka kwanza asaidie kuvuta mgono ulioletwa ukingoni. Alivuta hata jasho likamtoka, na vijana wakamcheka sana. Picha aliyopiga baada ya hapo ndiyo aliyotunza.

Jioni tulirudi mjini kwa mtumbwi. Mkondo ulituchukua upesi, na mbele yetu tuliona Kanisa Kuu karibu na mto, na mashua zimefungwa ukingoni, zisizoweza kwenda mbele zaidi. Tulikumbuka jinsi tulivyonung'unika asubuhi kwamba maporomoko yametukatia safari. Kumbe maji yale yale yaliyotuzuia sisi yamewalisha Wagenia vizazi vingi. Ikiwa nawe, msomaji, utapita Kisangani, usione tabu kusimama siku moja. Piga hodi kwanza. Kisha uketi usikilize. Na ukiambiwa ushike kamba, ushike.