Kazi Ambayo Mwingine Hawezi Kuipokea

Kwetu Maposeni mtu akiugua ugonjwa mzito, wa kwanza kuambiwa ni ndugu zake, na wa mwisho ni yeye mwenyewe. Kaka au mjomba huitwa pembeni na daktari, wanazungumza kwa sauti ya chini, kisha mgonjwa huambiwa, "Utapona tu, jitahidi kula." Tunafanya hivyo kwa upendo. Lakini upendo huo humnyima mgonjwa kitu kikubwa, yaani nafasi ya kupanga siku zake zilizobaki akiwa bado na nguvu na akili timamu.

Mimi niliambiwa, na ninamshukuru Mungu kwa hilo. Mwaka 2021, nikiwa na umri wa miaka 58, mjane na mkulima wa mahindi na maharage, nilipimwa nikakutwa na saratani ya shingo ya kizazi. Nikapelekwa Dar es Salaam, Taasisi ya Saratani Ocean Road, nikakaa huko wiki kadhaa nikipata tiba ya mionzi. Nilimwomba daktari azungumze na mimi mwenyewe kabla ya wanangu. Akaniambia kwamba ugonjwa umesambaa. Mionzi itapunguza kasi yake na maumivu, lakini haitaumaliza. Hakunitajia miaka. Alisema tu, "Mama, kama una mambo ya kupanga, yapange."

Basi la kutoka Dar es Salaam hadi Songea hupita Morogoro, Iringa, Makambako na Njombe, na abiria ana muda mwingi wa kuhesabu. Nilihesabu kazi zangu. Ekari nne za shamba. Nguruwe watano. Matofali ya kuchoma elfu sita, nimeyapanga nyuma ya nyumba yakisubiri msingi. Daftari la hazina ya Jumuiya yetu. Kikoba cha akina mama, ambacho mimi ni katibu wake. Kila kazi niliyoigusa ilinijibu, "Ukiondoka, mimi nimekufa."

Katika kuyawaza hayo nilimkumbuka Mwalimu Nyerere. Wengi wetu tunakumbuka tarehe 14 Oktoba 1999, alipofariki London kwa saratani ya damu. Alikuwa amekwisha kuacha urais tangu 1985 na kurudi Butiama, akalima, akatafsiri Injili kwa tenzi. Lakini hakuwa amemaliza kila kitu. Tangu 1996 alikuwa mpatanishi wa Warundi, na kifo kilimkuta mazungumzo ya Arusha yakiendelea. Kazi ile ingeweza kumfia mkononi. Haikufa. Nelson Mandela aliipokea, na tarehe 28 Agosti 2000 mkataba ukatiwa saini pale Arusha.

Na kwa nini niende mbali? Hapa kwa jirani zetu Peramiho, misheni iliyoanzishwa 1898 ilichomwa moto Septemba 1905, wakati wa Vita vya Majimaji. Mwezi uliotangulia Askofu Cassian Spiss alikuwa ameuawa upande wa Liwale akiwa safarini, yeye pamoja na mabradha wawili na masista wawili. Vita hivyo hivyo viliwafikisha mababu zetu kwenye vitanzi vya Wajerumani pale Songea, Februari 1906. Aliyesimama kati ya majivu yale angeweza kusema kwamba hapa hakuna kitakachoota tena. Lakini leo tunatibiwa Peramiho, watoto wetu wanasoma Peramiho, na kanisa kubwa la abasia limesimama. Waliojenga si wale waliouawa. Ni wengine waliopokea.

Hapo nilielewa kwamba kazi zangu nyingi zina mpokezi. Hilo lilinipunguzia mzigo, ingawa mwanzoni liliniuma kidogo, maana mtu hupenda kuambiwa kwamba bila yeye mambo hayaendi. Daftari la hazina nilimkabidhi mama mwingine wa Jumuiya, tukahesabu fedha pamoja mbele ya mwenyekiti. Ukatibu wa kikoba ameushika kijana wa kike anayejua hesabu kuliko mimi. Mwanangu amechukua ekari mbili na nusu. Matofali niliyauza, na fedha yake ndiyo nauli yangu ya kwenda kliniki. Nyumba mpya wataijenga wao, wakitaka.

Ikabaki kazi moja ambayo mwingine hawezi kuipokea.

Mimi na marehemu mume wangu tulimlea binti wa mdogo wangu, ambaye alifariki mtoto akiwa na miaka miwili. Kabla ya kufa, mume wangu aliniambia kwamba kipande cha bonde karibu na kijito, alichokinunua kwa fedha yake, ni cha binti huyo. Maneno hayo niliyasikia peke yangu. Baadhi ya ndugu upande wa mume husema mtoto si wa ukoo, hana chake pale. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Nikifa bila kusema, neno la mume wangu litazikwa nami, na binti aliyeniogesha na kunilisha nilipotoka kwenye mionzi atafukuzwa bondeni.

Kwa hiyo niliita kikao. Walikuja ndugu wa mume, mwenyekiti wa kitongoji, kiongozi wa Jumuiya na wanangu wote. Shemeji yangu mkubwa alisema, "Shemeji, tunakuheshimu, lakini mtoto huyu ni wa kwenu, si wa kwetu." Nikamjibu, "Shemeji, ni kaka yako aliyesema, na mimi nakwenda kukutana naye. Sitaki kwenda kumwambia kwamba nilinyamaza." Palikuwa kimya. Tukaandika, na waliokubali wakatia sahihi. Sasa tunafuatilia kijijini hati ya haki miliki ya kimila kwa jina la binti, kwa kuwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inampa mwanamke haki ya kumiliki ardhi sawa na mwanamume. Shemeji aliondoka bila kutia sahihi. Nimekwenda kwake mara mbili. Ananipokea vizuri, tunakunywa chai, lakini neno la shamba halijaisha.

Nikisoma Injili ya Yohane, sura ya 19, naona Bwana wetu naye aliipa nafasi kazi ya namna hii. Akiwa msalabani, katika maumivu yale, alipanga nani atamtunza mama yake. Kuhubiri aliwaachia mitume, lakini neno lile lilitoka kinywani mwake mwenyewe.

Mtakatifu Benedikto, katika sura ya nne ya Kanuni yake, anawataka wamonaki wakikumbuke kifo kila siku. Na ndio hao hao tunaowajua kwa sala na kazi: wanalima, wanachapa vitabu, wanafundisha ufundi. Kukumbuka kifo hakukuwafanya waache jembe. Nadhani kunamsaidia mtu kujua jembe lipi alishike leo na lipi amwachie mwenzake.

Ndugu msomaji, pengine wewe ni mzima kabisa. Usisubiri daktari akwambie. Andika kazi zako zote kwenye karatasi, kisha jiulize juu ya kila moja kama yupo wa kuipokea. Kama yupo, anza kumfundisha. Zitakazobaki bila mpokezi hazitakuwa nyingi. Pengine ni neno la ushuhuda, pengine ni msamaha, pengine ni mtoto anayesubiri kuambiwa jambo. Hizo zitangulize, hata kama mahindi yanasubiri palizi.

Mvua zikianza Novemba, nikijaliwa, nitapanda ekari moja na nusu. Kabla ya hapo nina safari ya tatu kwa shemeji. Mniombee.